Jibu: Wanajuaje kuna nyota ndani ya wingu jeusi?

Mkuu, umeuliza kama wingu la vumbi kati ya nyota ni jeusi tii, nani kaona nyota inayozaliwa ndani yake. Weusi ule ni vumbi. Chembe zake ni ndogo mno, lakini mwanga wa kawaida zinauzuia barabara. Infraredi, mwanga usioonekana kwa macho, ina mawimbi marefu zaidi, hivyo sehemu kubwa inapenya. Tena nyota changa hupasha joto vumbi linaloizunguka, nalo hung'aa kwa infraredi: ni mkaa chini ya majivu, huoni moto ila ukisogeza kiganja unajua upo.

Wanaastronomia Bart Bok na Edith Reilly walikisia tangu 1947 kwamba nyota huzaliwa ndani ya mawingu madogo meusi. Ushahidi ulichelewa sana. Setilaiti ya IRAS, yenye darubini ya infraredi, ilirushwa 1983, na mwaka 1990 watafiti Yun na Clemens wakatumia data zake kuonyesha kwamba baadhi ya mawingu hayo madogo yana chanzo cha joto ndani.

Ila si yote, na hapa wengi humu mnakosea. Wingu liitwalo B335 lina nyota changa. Barnard 68, lile la kwenye picha uliyoweka, bado halina. Infraredi imelipenya ikakuta nyota za nyuma yake tu.

Kuhusu kujaribu hapa Dar: unyevunyevu wetu unaimeza infraredi, ndiyo maana darubini za infraredi hupelekwa anga za juu. Lakini Mei, saa tatu usiku bila mwezi, nenda Kigamboni ndani ndani kusiko na taa, utazame kusini. Pembeni ya Msalaba wa Kusini kuna doa jeusi. Ni wingu kubwa kuliko haya, ila vumbi ni lilelile.