Maswali na majibu: kujifunza usuluhishi chuoni

Nipo mwaka wa tatu wa sheria na nataka kesi za mahakamani. Haya mambo ya majadiliano na usuluhishi yatanifaa nini? (Mwanafunzi, Mwanza)

Utayakuta hukohuko mahakamani. Tanzania Bara, Amri ya VIII ya Sheria ya Mwenendo wa Madai inapeleka mashauri ya madai kwenye usuluhishi kabla ya kusikilizwa. Mgogoro wa kazi nao unaanzia CMA, Tume ya Usuluhishi na Uamuzi: msuluhishi ana siku 30, na pande zikishindwana ndipo mwamuzi anapokea ushahidi na kutoa tuzo, yaani uamuzi unaozifunga pande zote. Tangu marekebisho ya 2021, hata mabaraza ya kata hayaamui tena migogoro ya ardhi, yanasuluhisha tu. Wakili asiyejua kukaa kwenye meza hizo atamponza mteja wake mapema kabisa.

Nina darasa la wanafunzi zaidi ya mia na bajeti hakuna. Nifundisheje kwa vitendo? (Mhadhiri, Dodoma)

Karatasi mbili zinatosha. Chukua mgogoro wa dereva wa basi aliyefukuzwa kazi. Maelezo ya jumla wape wote, kisha kila upande upewe karatasi yake ya siri. Ya dereva iseme amepata kazi kwingine, ila mwajiri mpya anadai cheti cha utumishi kabla ya Ijumaa. Ya mwenye basi iseme yuko tayari kulipa, ila si kwa mkupuo, na anaogopa madereva wengine wasijifunze kudai. Wagawe wawiliwawili, dakika 40, darasa zima kwa wakati mmoja.

Utaona wengi wanavutana kuhusu mamilioni mpaka muda unaisha, na cheti, ambacho ni haki ya mfanyakazi na hakimgharimu mwajiri chochote, hakijatajwa. Wakimaliza, andika ubaoni matokeo ya kila jozi, halafu wasomeane karatasi za siri. Hapo ndipo somo lilipo. Mimi ningeipa sehemu hii muda mrefu kuliko zoezi lenyewe, maana swali la kuwabana nalo ni moja tu: ni nani alimuuliza mwenzake kwa nini anataka anachokitaka? Mihadhara yetu imewazoesha kujenga hoja. Kuuliza kisha ukanyamaza, hilo hawajalizoea.

Nilipewa nafasi ya msuluhishi nikawaambia wazi nani ana haki. Nikapata alama mbovu. Kwa nini? (Mwanafunzi, Dar es Salaam)

Kwa sababu ulifanya kazi ya mwamuzi. Yeye anapima ushahidi na kufunga mjadala kwa tuzo. Wewe huna tuzo, unachotegemea ni wao kukufungulia moyo, na uliyemwambia hana haki hatakuambia tena chochote. Siku nyingine ongea na kila upande faraghani, na kabla hujatoka uliza: katika haya, lipi niruhusiwe kumwambia mwenzako? Liandike. Ukiropoka moja tu la siri, usuluhishi umekufia mikononi.

Mashindano ya Vienna yana faida kweli, au ni safari tu? (Mwanafunzi, Nairobi)

Yana faida, hata usiposafiri. Mashindano hayo, ya Willem C. Vis, hutoa kesi ya kubuni ya biashara ya kimataifa kila Oktoba, na timu za wanafunzi wa sheria zinaandika hoja za mdai, kisha za mdaiwa. Kulazimika kuutetea upande uliokuwa unaushambulia wiki chache nyuma kunanyoosha akili. Kasoro yake ni kwamba ni ya uamuzi tu, si ya usuluhishi, kwa hiyo bingwa wa Vienna anaweza akawa msuluhishi wa hovyo.

Naweza kwenda kukaa kwenye usuluhishi halisi nijionee? (Mwanafunzi, Arusha)

Si kama unavyoingia mahakama ya wazi. Vikao hivi ni vya siri, hivyo pande zote ziridhie kwanza na msuluhishi akubali. Pitia kwa wakili unayefanya naye mazoezi ya vitendo, aombe yeye mapema. Ukiruhusiwa, simu iache nje.