Kwa anayeanza kazi ya kufuatilia ahadi za serikali kuhusu tabianchi na bioanuai

Ukiajiriwa na asasi ya mazingira hapa Dar es Salaam, huenda ukaombwa tamko kabla hujasoma waraka wowote. Soma kwanza ahadi yenyewe, neno kwa neno: kiasi gani, mwaka gani, inapimwa dhidi ya nini, kwa sharti gani.

Hapo kwenye kipimo ndipo wengi huanguka. Mwaka 2021 Tanzania iliahidi, chini ya Mkataba wa Paris wa tabianchi, kupunguza gesijoto kwa asilimia 30 hadi 35 ifikapo 2030. Punguzo hilo halihesabiwi kutoka kiwango cha sasa, bali kutoka kiwango ambacho kingefikiwa 2030 bila hatua yoyote kuchukuliwa. Maana yake gesijoto zinaweza kuongezeka na ahadi bado ikatimia. Ukienda na hoja kwamba "zimeongezeka, basi mmeshindwa", mtaalamu wa wizara ataimaliza kwa sentensi moja. Uliza makadirio ya kiwango hicho cha 2030 yalikokotolewaje, na ni hatua zipi zinasubiri fedha za nje.

Kwenye bioanuai, yaani wingi wa aina za viumbe hai, lengo la 3 la mpango wa dunia uliopitishwa Montreal, Kanada, mwaka 2022 linataka asilimia 30 ya nchi kavu na bahari ya dunia ihifadhiwe ifikapo 2030, tena kwa usimamizi wenye ufanisi. Anayehesabu hekta tu ameacha sehemu ngumu. Visiwa vya Bongoyo na Mbudya, hapa Dar es Salaam, ni hifadhi za bahari tangu 1975. Uliza boti ya doria ina mafuta ya siku ngapi kwa mwezi, na matumbawe yalipimwa lini mara ya mwisho.

Kisha fuata fedha. Fungua hotuba ya bajeti, Fungu 31 (la Ofisi ya Makamu wa Rais, inayosimamia mazingira), uweke zilizoidhinishwa kando ya zilizopokelewa. Angalia hesabu imeishia mwezi gani, usije ukalinganisha miezi tisa na mwaka mzima.

Takwimu ikikosekana, andika barua kwa Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya 2016. Haki hiyo ni ya raia, kwa hiyo mwombaji awe mtu, kwa jina lake. Omba waraka mmoja unaotajika, na ubaki na nakala yenye muhuri wa masijala. Siku 30 za kujibiwa utazidai kwa tarehe ya muhuri huo.

Kamati ya utekelezaji ya Mkataba wa Paris haina mamlaka ya kuadhibu nchi, hivyo msukumo wa kweli uko Dodoma. Mfikishie mbunge hoja yako, ukurasa mmoja, kabla ya Bunge la bajeti kuanza Aprili.