Zamu inachelewa: nibadilishe kadi ya picha au prosesa?

SWALI: Fundi, habari ya kazi. Nakuandikia kutoka Tororo. Nina kompyuta ya mezani iliyotoka ofisini: prosesa ya Core i5-6500, RAM ya gigabaiti 8 ya DDR4 (kijiti kimoja), kadi ya picha GTX 1050 Ti ya gigabaiti 4, na skrini ya 1080p. Napenda michezo ya mikakati, hasa Civilization VI. Mwanzoni mambo huenda vizuri, lakini nikifika zamu ya 200 hivi, nikibonyeza kumaliza zamu nangoja zaidi ya dakika nzima wapinzani wamalize yao. Usiku tunacheza Age of Empires II: Definitive Edition watu wanne. Kuelekea mwisho gemu hulegea kwa kila mtu, na wenzangu wananilaumu mimi. Nimeweka akiba ya shilingi laki tisa. Muuzaji mmoja wa Kampala ananiambia nichukue kadi ya picha RTX 3060 iliyotumika, kila kitu kitapona. Kaka yangu aliye Busia ana prosesa ya Ryzen 5 5600G, hana kadi ya picha kabisa, naye anasema nisinunue chochote kwanza. Nimsikilize nani?

JIBU: Ndugu yangu, msikilize kaka yako. Ukiipeleka laki tisa yote kwenye kadi, utarudi nyumbani, utafungua mchezo uleule kwenye zamu ya 200, utabonyeza, na utangoja muda uleule. Picha zitapendeza zaidi. Kungoja hakutapungua.

Wewe unakaa karibu na Malaba, kwa hiyo nitumie mfano wa huko. Tuseme barabara ya kwenda Kampala imepanuliwa mara mbili, lami mpya, hakuna shimo. Lakini malori yamepanga foleni mpakani, na karatasi za kila lori lazima zipitie kwa afisa mmoja kwanza. Barabara ile pana haitafikisha lori hata moja mapema. Kadi ya picha ndiyo barabara: inachora kile ambacho kimeshaamuliwa. Prosesa ndiye afisa: anahesabu nani ameenda wapi, nani amempiga nani, mji gani umekua, njia ipi jeshi lipite kuzunguka mlima. Hesabu isipokwisha, kadi haina la kuchora.

Katika mchezo wa kupiga risasi, prosesa inashughulika na watu wachache na kadi ndiyo inayotoka jasho. Mchezo wa mikakati umegeuzwa. Age of Empires II kwa kawaida inampa kila mchezaji watu 200. Nyinyi wanne mkijaza ni 800, na kila mmoja wao anatafuta njia, anakata mti, anamkwepa mwenzake. Civilization ndiyo kali zaidi, kwa sababu kila zamu inayopita inaongeza miji na majeshi, na sehemu kubwa ya kazi hiyo haigawanyiki. Jeshi la mpinzani wa kwanza likihama, wa pili lazima ajue limesimama wapi kabla hajaamua lake. Ni sawa na karatasi inayotakiwa kutoka meza ya kwanza ndipo iingie ya pili: ukiongeza meza ishirini, bado utangoja ile ya kwanza. Ndiyo maana prosesa yenye viini (vitengo vya kuhesabu vilivyo ndani yake) vingi lakini vizito haisaidii sana hapa. Unachotaka ni wepesi wa kiini kimoja.

Na hapa ndipo watu wengi hudanganyika. Wanafungua Task Manager, kile kidirisha cha Windows kinachoonyesha mzigo wa kompyuta, wanaona prosesa iko asilimia 30, wanasema, "Aa, prosesa bado ina nafasi, tatizo ni kadi." i5-6500 ina viini 4. Kiini kimoja kikifanya kazi mpaka mwisho wa uwezo wake, jumla itasoma asilimia 25 tu. Usitegemee hata grafu ya kila kiini peke yake, maana Windows huihamisha kazi kutoka kiini kimoja hadi kingine, na vyote vinaonekana vimepumzika nusu ilhali kila mara kimoja ndicho kimebeba mzigo wote.

Watengenezaji wa Civilization VI wenyewe walilijua hili. Kwenye menyu kuu kuna sehemu ya kupima kompyuta, na humo wameweka vipimo viwili tofauti: kimoja cha michoro, kingine cha akili ya wapinzani, ambacho kinakupa wastani wa sekunde kwa zamu. Endesha cha pili. Kisha shusha kila kitu cha picha hadi chini kabisa, skrini iweke 720p, ukiendeshe tena. Ukipata sekunde zilezile au tofauti ndogo isiyo na maana, umeshajua kuwa kadi haihusiki.

Kuhusu Age of Empires II, wenzako hawakuonei. Michezo ya aina hii haitumi picha wala mahali pa kila askari kupitia intaneti. Ingekuwa data nyingi mno. Inatuma amri tu, na kila kompyuta inahesabu vita vyote kivyake, hatua kwa hatua, zikikubaliana njiani. Kompyuta nne zinatembea kwa mwendo wa ile iliyo nyuma. Kama yako ndiyo nzito, hata mwenye mashine ya mamilioni analegea pamoja nawe. Na kwa kuwa hesabu ni ya prosesa, RTX 3060 haitakuondoa nyuma ya msafara.

Sasa niseme na upande wa pili, maana sitaki uondoke ukidhani kadi ni mapambo. Chukua Total War: Warhammer III. Ukiteremsha kamera chini katikati ya vita, uone nyasi, vivuli, moshi na silaha za askari mmoja mmoja, kadi ndiyo itakayokwama, na gigabaiti 4 za 1050 Ti zitajaa mapema. Cities: Skylines II, iliyotoka 2023, nayo inaila kadi vibaya sana. Mtu anayecheza hiyo kwenye skrini kubwa ya 1440p nitamjibu tofauti na wewe. Kipimo cha nyumbani ni kilekile: shusha ukubwa wa picha. Fremu, yaani picha kwa sekunde, zikiruka juu, kadi ndiyo ilikuwa inachelewesha. Zikibaki palepale, ni prosesa.

Kuna jambo jingine kuhusu ile 3060 ambalo muuzaji alipaswa kukuuliza kabla ya kutaja bei. 3060 inakula wati 170 na inahitaji waya wake kutoka pawasaplai, kile kisanduku kinachogawa umeme ndani ya kompyuta. 1050 Ti yako, ya kawaida, inakula wati 75, ambazo zote inazipata kwenye sloti, bila waya wowote. Ndiyo sababu iliingia kwenye kompyuta ya ofisi bila shida. Fungua ubavu wa kesi usome lebo ya pawasaplai. Nyingi za kompyuta hizi ni za wati 180 hadi 240, na waya wa kadi haumo. Tafadhali usikubali fundi akuunganishie kwa vibadilishi vya waya. Nimeona soketi zilizoyeyuka, na umeme wetu unavyopanda na kushuka hauhitaji msaada wa namna hiyo.

Basi laki tisa ifanye nini? Kwanza, nunua kijiti cha pili cha RAM cha gigabaiti 8 kinachofanana na ulichonacho. Kijiti kimoja kinaipa prosesa njia moja tu ya kufikia kumbukumbu. Viwili vinafungua njia mbili, na michezo ya mikakati, yenye data iliyotawanyika kila mahali, inaihisi tofauti hiyo. Ni gharama ndogo, na vijiti hivyo utahama navyo.

Utashawishika kuibadilisha prosesa peke yake kwenye bodi hiyohiyo, ile sahani inayounganisha vifaa vyote. Inawezekana: i7-6700 inaingia, na i7-7700 pia kama baiosi (programu ndogo inayoiwasha bodi) inaikubali. Lakini 7700 inafika gigahezi 4.2 na yako inafika 3.6. Tofauti hiyo ni kama moja ya sita. Utaiona kidogo, hutashangilia. Na kuna mtego: prosesa za kizazi cha 8, kama i5-8400, zinaitwa za soketi 1151 kama yako, zinakaa vizuri kabisa, lakini hazitawaka. Intel ilibadilisha mpangilio mwaka 2017 ila jina ikaliacha lilelile. Watu wamenunua hizo wakarudishiwa maneno matupu.

Mimi ningejenga upya taratibu: bodi ya AM4 (soketi ya prosesa za AMD) aina ya B450 au B550, prosesa ya Ryzen 5 5600, pawasaplai halisi ya kawaida na kesi rahisi, kwa sababu pawasaplai na kesi za kompyuta za ofisi mara nyingi hazikubaliani na bodi za kawaida. RAM yako inahamia, 1050 Ti yako inahamia. Vifaa vilivyotumika havina aibu, ila ukichukua B450 ya zamani hakikisha muuzaji ameiboresha baiosi na umeiona ikiwaka na 5600 mbele ya macho yako.

Kwa nini hiyo? Angalia kache, ile kumbukumbu ndogo iliyo ndani ya prosesa yenyewe. Rudi kwa afisa wetu: kache ni mtoto wa meza, RAM ni stoo ya mafaili nyuma ya jengo. Kila faili lisilokuwa mezani, anasimama, anaenda stoo, anarudi. i5-6500 ina megabaiti 6 za kache kubwa. Ryzen 5 5600 ina 32. Ryzen 7 5800X3D, ambayo AMD iliitoa 2022 kwa kubandika kache ya ziada juu ya prosesa, ina 96, na michezo yenye maelfu ya vitu vidogo ndiyo iliyonufaika nayo kuliko mingi mingine. Inaingia kwenye bodi hizohizo za AM4, kwa hiyo siku ukipata moja kwa bei ya kibinadamu huna haja ya kubomoa tena. Soma herufi vizuri dukani: 5600 na 5600G si kitu kimoja. Yenye G ina kadi ya picha ndani yake, lakini kache yake ni 16.

Kadi utafikiria baadaye, ukiona picha ndizo zinakukera. Wakati huo RX 6600 ya gigabaiti 8 inatosha 1080p na inakula wati 132. Epuka RX 6500 XT. Ina njia 4 tu za kuwasiliana na bodi, na kwenye bodi za zamani inapoteza nguvu nyingi.

Lakini kabla ya kutoa shilingi, nakuomba ufanye hivi. Nyinyi ndugu wawili mna nusu nusu: wewe una kadi, yeye ana prosesa. Hifadhi mchezo wako pale zamu ya 200, uweke kwenye flashi, uende Busia Jumamosi. Kwake anzisha zamu ileile, pima kwa saa ya simu. Kompyuta yake isiyo na kadi itamaliza zamu mapema kuliko yako yenye kadi, hata kama picha zake zinakwaruza. Halafu zimeni, chomeni 1050 Ti yako kwenye bodi yake, hamisheni waya wa skrini kwenye kadi, pimeni tena. Zamu itabaki karibu ilivyokuwa, picha zitalainika. Andika namba zote tatu kwenye karatasi, ya Tororo na mbili za Busia, na uende nazo kwa muuzaji.

Na kama kaka yako naye ana kijiti kimoja cha RAM, mwambie aongeze cha pili. Picha za 5600G zinakopa RAM hiyohiyo, kwa hiyo yeye atafaidika zaidi yako.