Maswali ya Wasomaji: Mkazo wa Nyuzi za Raketi

SWALI: Ndugu Mhariri, nina raketi mbili za tenisi zenye uso wa ukubwa mmoja, na fundi alizifunga nyuzi za aina moja kwa mkazo wa ratili 55. Ya kwanza ina nyuzi 16 za wima na 19 za mlalo. Ya pili ina 18 na 20, nayo mkononi ni ngumu zaidi. Je, mashine ilikosea? Nami nitapimaje mkazo mwenyewe?

JIBU: Yaelekea mashine haikukosea. Ratili 55, yaani kilo 25 hivi, ni nguvu iliyouvuta kila uzi kwa wakati wake, kabla haujabanwa. Baada ya hapo uzi hupoteza sehemu ya mkazo huo kwa msuguano wa matundu ya fremu na wa nyuzi zinazopishana, kisha huendelea kulegea wenyewe, hasa katika saa 24 za mwanzo, hata kama raketi haijagusa mpira. Mpira nao haukutani na uzi mmoja, bali na uso mzima. Kwa hiyo raketi yenye nyuzi nyingi zaidi haibonyei sana kama nyingine, ijapokuwa kila uzi ulivutwa sawa na wa mwenzake.

Hivyo mkazo na ugumu ni vipimo viwili tofauti, na ninaamini mchezaji anapaswa kuujali zaidi ule wa pili, kwa kuwa ndio unaofika kwenye kiwiko chake. Ugumu wa uso ni nguvu inayohitajika kuubonyeza kwa kiasi fulani: ukiishika fremu imara na kuweka uzito wa kilo 10 katikati, nyuzi za raketi ya kawaida hushuka kwa milimita 3 hivi. Umbali huo ni mdogo mno kwa rula, na ndiyo maana mafundi hutumia vifaa maalumu.

Kwako wewe, njia nyepesi ni sauti. Ondoa kipande cha mpira kinachozuia mtetemo, gonga nyuzi katikati, na uiache programu ya simu isome masafa, yaani idadi ya mitetemo kwa sekunde (hezi), ambayo kwa raketi nyingi huwa kati ya hezi 500 na 600 hivi. Mkazo hufuata mraba wa masafa: yakishuka kutoka 600 hadi 570, yaani asilimia 5, mkazo umepungua kwa karibu asilimia 10. Usiiamini sana namba ya ratili ambayo programu inakuonyesha, kwa sababu inategemea unene wa nyuzi na ukubwa wa uso ulioujaza wewe mwenyewe. Pima siku raketi inapotoka kwa fundi, andika masafa hayo, kisha upime kila wiki mahali penye joto lilelile, maana joto nalo hulegeza nyuzi.

SWALI: Nikihama kutoka nyuzi za utumbo wa ng'ombe kwenda polyesta, nibaki na ratili zilezile?

JIBU: La, tafadhali anza chini kidogo. Mpira unapogonga, nyuzi hurefuka na mkazo wake hupanda kwa muda mfupi sana. Utumbo hurefuka kwa urahisi, lakini polyesta ni ngumu kwa asili yake, hivyo mkazo wake hupanda zaidi katika pigo lilelile. Kugonga kwa kidole hakulifichui jambo hili, kwa kuwa mguso mwepesi haurefushi uzi, na raketi mbili zinaweza kutoa sauti zinazokaribiana huku moja ikiuumiza mkono. Wachezaji wengi hupunguza asilimia 10 hivi, yaani kutoka ratili 55 hadi 50. Kumbuka pia kwamba polyesta hupoteza mkazo haraka kuliko utumbo, kwa hiyo usisubiri ikatike ndipo uibadilishe.