Mbio haziimalizi hewa ya mapafu: jibu kwa binti wa Sikonge

Mwangaluka, wakimbiaji wenzangu.

Wiki hii binti mmoja wa Sikonge ameniandikia. Anajiandaa na nusu marathoni yake ya kwanza, ana pumu tangu utotoni, na mtu anayemheshimu amemwambia kuwa mbio ndefu zinamaliza gesi ya naitriki oksaidi iliyomo mapafuni, kwa hiyo aachane nazo kabla kifua hakijaharibika. Ananiuliza: kaka, niache?

Usiache, mdogo wangu. Nakujibu hadharani kwa sababu wenzako wengi wameambiwa hivyo hivyo, na kwa sababu habari hiyo ina kipande cha kweli ambacho watu wamekigeuza kitisho.

Naitriki oksaidi ni atomu moja ya naitrojeni na moja ya oksijeni. Mwili huitengeneza wenyewe kutokana na arginini, asidi amino iliyomo hata kwenye karanga zetu hizi. Kazi yake kubwa ni kulegeza kuta za mishipa ya damu ili ipanuke, na mapafuni husaidia damu ifike mahali penye hewa. Wamarekani watatu, Robert Furchgott, Louis Ignarro na Ferid Murad, walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1998 kwa kuonyesha kuwa gesi hii hupeleka ujumbe katika moyo na mishipa. Inatengenezwa pia kwenye kuta za njia za hewa, na kwa wingi zaidi kwenye mapango ya mifupa yanayozunguka pua.

Kile kipande cha kweli ni hiki. Ukipima pumzi ya mtu anayekimbia, kiwango cha gesi katika kila lita ya hewa anayotoa kimeshuka. Mtu aliyeketi huvuta lita 6 hadi 8 za hewa kwa dakika. Mkimbiaji aliyekaza mwendo anaweza kupita lita 100. Gesi inaendelea kutoka kwenye kuta, ila hewa inayoipokea imekuwa nyingi mno, kama kijiko kimoja cha sukari kilichotiwa kwenye ndoo badala ya kikombe. Ukijumlisha gesi yote inayotoka kwa dakika nzima, utakuta imeongezeka. Baada ya kusimama kipimo hubaki chini kwa muda, halafu kinarudi. Ndiyo maana mwongozo wa mwaka 2005 wa vyama vya wataalamu wa mapafu wa Marekani na Ulaya unataka mtu asifanye mazoezi makali ndani ya saa 1 kabla ya kupimwa.

Saa hiyo 1 ilininyang'anya msimu mzima.

Mimi ni mtoto wa Ng'ambo, hapa hapa Tabora mjini. Kiangazi kikianza na vumbi kupanda, mama alikuwa akinifungia ndani. Shuleni wenzangu wakishindana, mimi nilishika nguo zao. Nilianza kukimbia nikiwa mtu mzima, na mji huu ulinipokea: ni tambarare, uko mita 1,200 hivi juu ya usawa wa bahari, na alfajiri chini ya ile miembe mikubwa hewa ni ya baridi. Nilifika Kwihara na kurudi, nikaanza kusogeza mbele zaidi. Inhela yangu ya kahawia, ile ya steroidi, nilivuta kila siku bila kukosa, na kifua kilitulia.

Kisha nikaenda Dar es Salaam kwa ndugu. Asubuhi nilikimbia ufukweni, nikaoga, nikapitiliza kwenye kituo kimoja cha afya cha binafsi kilichokuwa na mashine ya kupima gesi hii kwenye pumzi. Nikapuliza. Ikaja 22. Kwa mtu mzima, chini ya sehemu 25 kwa bilioni huhesabiwa ndogo, na zaidi ya 50 huashiria njia za hewa zimevimba kwa aina ya pumu inayosikia steroidi. Mpimaji akatabasamu, akaniambia pumu yangu imekwisha, niache dawa.

Hakuniuliza kama nimetoka mazoezini. Hakuniuliza natumia dawa gani. Steroidi ya kuvuta hushusha namba hiyo kwa sababu hutuliza uvimbe unaoipandisha, kwa hiyo namba yangu ndogo ilikuwa ushahidi kwamba dawa inafanya kazi. Akaisoma kama ruhusa ya kuitupa, nami nikamwamini kwa sababu ya koti jeupe na mashine ya gharama.

Mwezi wa tisa, barabara ya kwenda Kipalapala, vumbi likiwa vile mnavyolijua, kifua kilibana. Nilikaa chini ya mti nikishindwa hata kumwita mtu, hadi kijana wa bodaboda aliponiona na kunikimbiza hospitali. Mashindano niliyokuwa nimejiandaa nayo niliyafuatilia kwenye simu, nimelala. Nilipowapigia wale wa kituo, nilijibiwa kwamba pengine mimi ndiye nilitumia dawa vibaya. Neno la pole sijalipata hadi leo, na linaniuma.

Aliyenirudisha barabarani ni daktari wa hapa Tabora ambaye hakuwa na mashine yoyote ya gesi. Alikuwa na kile kibomba cha plastiki cha kupimia nguvu ya pumzi, na alikuwa na maswali. Aliuliza kuhusu usingizi, jiko la mkaa, kikohozi cha usiku, saa ninazokimbia. Akanirudishia dawa. Mwaka huu nimekimbia nusu marathoni ya Moshi, na kwenye ule mpando wa kuelekea Mweka niliwapita watu ambao hawajawahi kushika inhela maishani mwao. Ninalisema kwa fahari, na sitaliacha kulisema.

Kwa hiyo, binti, ukipata nafasi ya kupimwa, nenda umepumzika. Mweleze mpimaji dawa zote unazotumia, na mlo wa mchicha uache hadi ukishapimwa, maana una naitreti nyingi na hupandisha namba. Anayevuta sigara namba yake hushuka. Hilo nalo lisemwe. Na namba peke yake isikuondolee dawa, hata ikiwa nzuri kiasi gani.

Ukiwa unapasha, na kwenye mwendo mwepesi, vuta hewa kwa pua. Pua huipa unyevu, huichuja vumbi, na kuichukua ile gesi ya kwenye mapango kuipeleka mapafuni. Ukikaza mwendo mdomo utafunguka wenyewe, uache ufunguke. Mwaka 2002 watafiti wa Sweden waligundua kuwa mtu akivumisha sauti puani, kama anayebembeleza mtoto mdomo ukiwa umefungwa, gesi inayotoka puani huongezeka mara 15 hivi. Sisemi itakupa kasi, ila ionekane kwamba hazina hii si ya kwisha kwa kilomita 21.

Tuache kuwatisha vijana, jamani. Mwaka 2025 Alphonce Simbu wa Singida, jirani zetu, alichukua dhahabu ya marathoni ya dunia jijini Tokyo, na mikoa yetu hii ina watoto wengi ambao wanafungiwa ndani kama nilivyofungiwa mimi. Mwenye pumu apewe dawa, afundishwe kuitumia, kisha aachiwe barabara. Wazazi, nawasihi. Makocha, ulizeni wanariadha wenu wanatumia nini kabla hamjawaambia wakaze.

Wewe wa Sikonge una jambo moja ambalo mimi wa mjini sina: moshi wa mabani ya tumbaku. Msimu wa kukausha ukifika, geuza njia, kimbia upande upepo unakotokea. Inhela ya bluu, ile ya kufungua kifua haraka, iwe mfukoni kila siku, na kama daktari amekuandikia uivute kabla ya mazoezi, ivute dakika 15 kabla hujaanza. Kifua kikibana, simama. Usijaribu kumaliza kilomita iliyobaki. Ukishaonana na daktari, niandikie tena nikupangie wiki zako za mwanzo.