Kibao cha kulalia mawimbi: majibu ya maswali yenu

Wiki iliyopita nilieleza kibao cha mbao ambacho mtu hukilalia kwa tumbo, akaletwa na wimbi dogo mpaka ufukweni. Maswali yamekuja kwa wingi. Naanza na haya.

*Shikamoo fundi. Mjomba kanipa ubao wa mninga wa inchi moja, mkavu kabisa. Nikiuranda si utatosha? Kijana wa Dunda, Bagamoyo*

Marahaba, mwanangu. Ubao huo uwekee mlango au meza. Kibao cha mtu mzima huwa na urefu wa sentimeta 120 hivi na upana wa 30. Kwa mninga wa inchi moja kitapita kilo 5. Kwa plaiwudi ya milimita 9 hakifiki hata kilo 2. Mawimbi yetu ya Bagamoyo ni madogo, hayana nguvu ya kusukuma gogo. Tena wimbi likikunyang'anya kibao kizito, atakayepigwa ni mtoto aliyesimama nyuma yako. Kama plaiwudi huipati, tafuta paini isiyo na vifundo, uirande ibaki milimita 12 hivi.

Sisi utotoni tulitumia vipande vya ubavu wa mashua kuukuu. Tulivipenda sana, lakini vilikuwa na matundu ya misumari na kingo kali, na makovu ya kifuani ninayo hadi leo. Kwa hiyo nakusihi: kingo zote zizungushwe kwa randa na msasa mpaka kiganja kipite bila kukwama. Mafundi wa majahazi pale ufukweni wataifanya kazi hiyo upesi, na macho yao kwenye mbao yanashinda vipimo vingi.

*Plaiwudi ya dukani ikilowa inabanduka. Nitaijuaje iliyo nzuri? Msomaji, Magomeni ya Bagamoyo*

Siri iko kwenye gundi iliyoshika tabaka zake. Omba muuzaji kipande cha mabaki, kichemshe saa nzima, kianike kikauke, kisha kichemshe tena. Tabaka zikiachana, hiyo ni ya kutengenezea kabati.

Plaiwudi nzima ya futi 8 kwa 4 inatoa vibao 8: upana ugawe mara nne, urefu mara mbili. Kabla ya kukata, tazama nyuzi za mbao kwenye tabaka la juu. Ziende na urefu wa kibao. Zikikingama, kibao kitavunjika katikati siku ya kwanza. Wenzako saba wakichanga nawe, gharama inakuwa nyepesi. Halafu vanishi: anza na kingo, maana maji huingilia hapo. Paka mara tatu au nne, na kila mpako ukikauka upige msasa laini.

*Fundi, kibao changu kimenyooka kama rula. Kila nikikilalia kinachimba mchanga. Nifanyeje? Mvuvi wa Kaole*

Kaka, kinakosa omo, yaani ncha ya mbele, iliyoinuka. Sentimeta 25 za mbele zinapaswa kupanda polepole mpaka ncha iwe juu kama sentimeta 5. Plaiwudi nene haipindiki kirahisi, hivyo chukua tatu za milimita 3. Chonga kalibu ya mbao yenye mpindo unaoutaka, uzidishe kidogo kwa sababu mbao ikiachiwa hurudi. Paka gundi isiyoyeyuka majini kati ya tabaka, zilaze zote juu ya kalibu, zifunge kwa kamba na uzikaze kwa kabari. Wewe umeona ubao wa jahazi unavyobanwa kwenye mataruma, yaani mbavu za chombo. Kazi ni ileile. Usiguse mpaka siku mbili zipite, ndipo ukate umbo.

Lipo na kosa la mlalo. Simama maji yakifika kiunoni, tazama nyuma, na povu likikufikia jisukume kwa miguu. Mikono yote miwili ishike omo, na tezi ya kibao, yaani mwisho wake wa nyuma, ifike kwenye nyonga. Ukikitanguliza mbele ya tumbo, omo ikichoma mchanga tezi itakuingia tumboni, na hilo ni jeraha baya. Ukienda kukutana na mawimbi, kiburute ubavuni. Usikiweke kati yako na wimbi.

*Huu si mchezo wa Wazungu? Mwalimu, Bagamoyo*

Hapana, mwalimu. Miaka ya 1830 msafiri Mskoti James Alexander aliwaona wavulana wa Accra wakiogelea na mbao nyepesi chini ya matumbo yao, wakingoja wimbi liwarudishe pwani. Hawaii nako vibao vya tumbo vina jina lao la kale, paipo. Vibao vya plaiwudi vilienea Uingereza baadaye sana, katika karne ya 20. Wafundishe wanafunzi wako hivyo.

*Wanangu wa miaka 9 na 11 hawajui kuogelea. Kibao kitawashikilia? Mama wa Bagamoyo*

Hakitawashikilia, dada yangu. Kibao cha milimita 9 kinaelea chenyewe, lakini nguvu ya ziada iliyobaki haifiki hata kilo 2. Wafundishwe kwanza kuogelea. Hata wakishajua, waishie maji ya kiunoni mwao, na mtu mzima awe ndani ya maji pamoja nao, si juu mchangani na simu. Waburute miguu wanapotembea ili taa aliyejifukia mchangani akimbie kabla hajakanyagwa.

*Saa gani mawimbi ni mazuri Bagamoyo? Kijana wa Dunda tena*

Alasiri, upepo ukishaamka, iwe kaskazi au kusi. Asubuhi bahari mara nyingi hulala. Ingia maji yakijaa, kuanzia katikati ya kujaa. Maji makubwa ya bamvua yakipwa, ufuo wetu hubaki mtupu mbali mno na utachoka kutembea tu. Kumbuka maji huchelewa kama dakika 50 kila siku, basi saa ya jana si ya leo. Wimbi la nusu mita huvunjika kwenye kina cha sentimeta 65 hivi, yaani usawa wa mapaja, kwa hiyo huna sababu ya kwenda mbali. Mlango wa Ruvu uache kabisa: una mamba na viboko.

*Na sisi wa Raskazone, Tanga?*

Ghuba yenu imekingwa, mawimbi ya maana hayafiki. Kitengenezeni kibao, mkipeleke upande wa Pangani, Ushongo, siku mkipata nafasi. Mkitoka baharini kioshwe maji baridi yasiyo na chumvi na kilazwe kivulini. Msikiegemeze ukutani juani, kitapinda.