Kwa mshauri nasaha anayeanza: usibishane na wazo lililo la kweli

Wateja wengi wa Nairobi watakuja kwako na sentensi moja: "Nina mawazo mengi." Kazi yako ya kwanza ni kuyatenga mawazo hayo na mambo yaliyoyaleta. Ndiyo hatua ya kwanza katika tiba ya utambuzi na tabia, yaani tiba ya kubadili namna mtu anavyofikiri na kutenda, iliyoasisiwa miaka ya 1960 na Aaron Beck, daktari wa akili wa Philadelphia, Marekani.

Daftari la shule linatosha. Gawa ukurasa safu tano: tukio, wazo, hisia, ushahidi wa pande zote mbili, na wazo lililopimwa upya. Kwenye tukio andikeni tu kile ambacho mtu mwingine aliyekuwepo angeshuhudia: "Bosi alisoma ujumbe wangu wa WhatsApp saa nne asubuhi, na hadi saa nane hakuwa amejibu." Mteja akisema "Bosi amenipuuza", hilo tayari ni wazo. Hisia hutajwa kwa neno moja, kama hofu, huzuni, aibu au hasira, na hupewa alama kuanzia 0 hadi 100. Mteja akisema "nahisi nitafutwa kazi", peleka sentensi hiyo kwenye safu ya mawazo, kisha uliza hofu yenyewe ni ya kiasi gani.

Washauri wapya wengi huteleza kwenye safu ya mwisho: wanamhimiza mteja afikirie mema. Hatayaamini, na wiki ijayo daftari litabaki nyumbani. Wazo jipya liwe analoweza kuliamini leo: "Siku za mikutano bosi huchelewa kujibu. Kesho asubuhi nitamuuliza." Hofu ikishuka kutoka 80 hadi 50, mmefanya kazi nzuri. Isiposhuka hata kidogo, mara nyingi mmepima wazo la juu juu. Uliza: "Na hilo likitokea, litamaanisha nini kwako?" Rudia taratibu hadi mfike chini, pengine kwenye "Nitarudi nyumbani nimeshindwa, na kila mtu atajua." Hilo ndilo la kupimwa.

Lakini kuna mawazo yasiyofaa kupimwa hivyo. Mtu mwenye deni la kodi ya miezi miwili akisema "landilodi atanifungia nyumba", hajapotosha chochote. Ukimtafutia ushahidi wa kupinga, atajua hujamsikia. Funga daftari la mawazo, geukieni utatuzi: chagueni tatizo moja, orodhesheni njia zote bila kuzikosoa, pimeni faida na hasara, kisha achague moja na kuipangia siku na saa. Mpango wa Shirika la Afya Duniani uitwao PM+ (Problem Management Plus), wa kuwasaidia watu wenye dhiki, una sehemu hii, pamoja na kupumua polepole, kurejea shughuli za kila siku na kuimarisha msaada wa watu wa karibu. Ni vikao 5 vya dakika 90. Ulijaribiwa hapa Nairobi kwa wanawake waliopitia ukatili wa kijinsia, ukiendeshwa na wahudumu wa afya wa jamii, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2017 yalionyesha dhiki yao ilipungua. Kwa hiyo usidhani ni lazima uwe mtaalamu wa miaka mingi ndipo umfae mtu.

Kwa aliyelemewa na huzuni, anza na tabia kabla ya mawazo. Asingoje hamu; mara nyingi hamu huja baada ya kutenda. "Nitafanya mazoezi" haitoshi. "Jumanne jioni nitashuka matatu steji moja kabla ya yetu nitembee" ni mpango. Akikwama, punguza hatua, usimlaumu.

Umakinifu ni kuelekeza uangalifu kwa makusudi kwenye kinachotokea sasa, bila kukihukumu. Mmarekani Jon Kabat-Zinn aliuingiza hospitalini Massachusetts mwaka 1979, akichota katika mazoea ya Kibuddha. Mteja akiuliza kama ni dini nyingine, mweleze asili hiyo wazi. Zoezi lenyewe halina sala, na asiyetaka asilazimishwe. Anzeni na dakika 3: moja ya kutambua kilichopo, moja ya kufuata pumzi, moja ya kupanua uangalifu hadi mwili mzima. Honi na redio ya jirani hazizuii zoezi. Sauti hizo zinaweza kushika nafasi ya pumzi. Wengi huacha kwa sababu mawazo hayakuondoka. Mwambie mapema kwamba kugundua akili imetangatanga na kuirudisha ndilo zoezi. Aliyepitia ukatili asifumbe macho: ahisi nyayo sakafuni, dakika 1 tu, na akianza kutetemeka au kuduwaa, simamisheni.

Tumia dodoso la PHQ-9, la kupima dalili za sonona, tangu kikao cha kwanza. Lina maswali 9, jumla ya juu ni 27, na kuanzia 10 mtu anahitaji kutathminiwa zaidi. Swali la 9, kuhusu mawazo ya kufa au kujidhuru, usilipite haraka. Uliza waziwazi: "Umefikiria kujiua?" Kuuliza hakupandi wazo hilo. Wengine huficha kwa kuogopa polisi. Wajulishe kuwa Januari 2025 Mahakama Kuu iliamua kwamba kifungu kilichofanya jaribio la kujiua kuwa kosa kinakiuka katiba. Akijibu ndiyo, uliza kama ana mpango na kama ana njia ya kuutimiza. Akiwa navyo, usimwache peke yake: mjulishe msimamizi wako, mwiteni jamaa anayemwamini, viondolewe vifaa vya kujidhuru, na mumsindikize hadi Mathari, hospitali ya afya ya akili, au hospitali iliyo karibu siku hiyohiyo.